Mpini wa chuma wa brashi na fagio: jinsi ya kuutengeneza usife shingoni

Ukitaka kujua kama mpini wa chuma utadumu, geuza brashi uangalie pale mpini unapoingia kwenye kichwa chake. Hapo panaitwa shingo, na karibu kila mpini niliowahi kuletewa karakana kwa matengenezo ulikuwa umefia hapo. Juu bado mzima, rangi inang'aa, lakini shingo imekatika kama muwa.

Hili nimejifunza kwa hasara. Karakana yangu ya Mwanjelwa, mjini Mbeya, ilipokuwa bado changa nilipata oda ya brashi 24 za kusugulia sakafu kwa ajili ya shule moja nje ya mji. Nikachukua bomba jembamba, nikalichomelea moja kwa moja kwenye kipande cha chuma bapa, nikapaka rangi ya bluu, nikapeleka. Wakafurahi, maana kipya kinyemi. Hiyo ilikuwa Oktoba. Kufika Machi, mvua zikiwa zimekolea, mlezi wa wanafunzi akaniletea mipini tisa ndani ya kiroba, yote imekatika sentimita moja au mbili juu ya weldi. Nikapasua mmoja kwa grenda, kwa urefu. Ndani mlikuwa na maji mekundu kama chai ya rangi, na ukuta wa bomba kule chini ulikuwa umeliwa hadi mwanga unapenya. Tundu la kutundikia nililitoboa juu na sikuweka kifuniko. Kila brashi ilipolala nje, mvua iliingia kwa juu, ikatuama chini, ikaila shingo kutoka ndani, mahali ambapo rangi haifiki na jicho halioni.

Nilitengeneza zote 24 upya bila kudai senti. Tangu hapo, kila mpini nauanzia shingoni, kisha ndipo napanda juu.

Mwongozo huu ni wa mpini wa brashi ya kusugulia au fagio la kusukuma, lile la uwanjani. Mwishoni nitaeleza nini kinabadilika kwa dekio na kwa kile kifaa cha mpira cha kuvutia maji.

Kwanza, je, unahitaji chuma?

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tumebarikiwa mbao. Misitu ya Sao Hill kule Mufindi inatupa paina na mikaratusi, na mpini wa paina ni mwepesi, mara nyingi haufiki nusu kilo. Kwa fagio la sebuleni, ambalo halikai kwenye maji, paina inatosha na mkono unaipenda. Mpini wa mkaratusi uliokauka vizuri unabeba hata kazi nzito.

Chuma kinafaa pale ambapo mbao inashindwa: sakafu inayosuguliwa kwa maji kila siku, vyoo vya shule, machinjio, soko, stendi, gereji, na nyumba za wageni zinazodeki asubuhi na jioni. Hapo mbao hulowa, hukauka, hulowa tena, skrubu hulegea, kichwa huanza kuzunguka, na baada ya muda mti unaoza palepale shingoni. Ukishaona kazi yako ni ya namna hiyo, endelea kusoma.

Kuchagua bomba

Watu wengi hudhani uimara ni uzito, ndiyo maana utakuta mtu ameweka nondo kwenye fagio. Nondo ya milimita 12 ina gramu kama 890 kwa kila mita. Bomba la samani la inchi 7/8, yaani milimita 22, lenye ukuta wa milimita 1.2, lina gramu kama 620 kwa mita. Pamoja na wepesi huo, bomba hilo ni gumu kupinda zaidi ya mara nne kuliko ile nondo. Sababu ni kwamba chuma chake kimekaa mbali na katikati, na chuma kilicho mbali na katikati ndicho kinachokataa kupinda. Nondo imerundika chuma chake katikati, mahali ambapo hakifanyi kazi kubwa.

Basi chukua bomba la samani la inchi 7/8 geji 18. Kumbuka namba ya geji ikipanda, ukuta unakuwa mwembamba: geji 16 ni kama milimita 1.5, geji 18 ni kama 1.2, geji 20 ni kama 0.9. Kwa vifaa vya ndani vya kazi nyepesi geji 20 inakubalika. Nyembamba zaidi ya hapo usiguse.

Usichanganye bomba la samani na bomba la maji. La samani hupimwa kwa nje, ilhali jina la bomba la maji linafuata tundu lake la ndani, tena kwa kukadiria. Bomba la maji la "inchi 1" lina karibu milimita 34 kwa nje. Nimeona kijana akinunua moja la samani na moja la maji akitarajia yaingiane, akarudi nyumbani na mabomba mawili yanayocheza kama njuga.

Na usikubali geji kwa maneno ya dukani. Kama huna vernia, kile kifaa cha kupimia unene, omba mzani. Hapa kwetu mizani ya kuning'iniza ya kupimia viazi haikosekani. Bomba zima la mita 6 la inchi 7/8, ukuta wa 1.2, linatakiwa kusoma karibu kilo 3.7, likiwa la mita 5.8, karibu 3.6. Ukiona mzani unasoma kilo 2.2 ujue ukuta ni kama 0.7, hata kama muuzaji anakuapia. Huhitaji kugombana naye, mrudishie tu bomba lake.

Vifaa kwa ujumla ni hivi:

- bomba la inchi 7/8 geji 18 kwa ajili ya mipini
- bomba la inchi 1 geji 16 kwa ajili ya soketi, nitaeleza hapa chini
- bapa la chuma, lile tunaloliita fletiba, upana milimita 40, unene milimita 3
- bolti za M6, yaani za unene wa milimita 6, za urefu wa milimita 40, washa, na nati zenye plastiki ndani zisizolegea
- elektrodi za kawaida za milimita 2.5
- rangi ya msingi ya kuzuia kutu, rangi ya mafuta, thina, msasa, grisi
- mipira ya mikono ya baiskeli au bodaboda

Kwa zana, grenda au msumeno wa chuma, drili, jiliwa, panchi, tupa bapa na tupa ya mviringo, mashine ya kuchomelea, spana namba 10. Kinga ya macho, glavu za ngozi na kofia ya kuchomelea ni lazima. Kama hujawahi kuchomelea kabisa, katafute kwanza mafunzo kwenye chuo cha ufundi cha VETA au kwa fundi anayekubali kukusimamia; bomba jembamba si mahali pazuri pa kujifunzia.

Urefu unapimwa kwa mtu

Hapa nilikosea kwa miaka kadhaa. Bomba la mita 6 ukiligawa kwa nne unapata mita 1.5 kamili bila kubakiza kitu, nami nikawa nakata mipini yote mita 1.5 kwa sababu bomba lilitaka hivyo. Siku moja nikaenda kuona brashi zangu zinavyofanya kazi kwenye gesti moja maeneo ya Kabwe. Mama anayefanya usafi pale ni mfupi. Alikuwa ameshika mpini katikati, sehemu ya juu inapita nyuma ya sikio lake, na kila akivuta brashi kiwiko kinapanda juu ya bega.

Nikamwamkia, nikamuuliza, "Mama, mpini unaonaje?"

"Fundi, imara ni imara," akasema. "Lakini jioni bega hili siliwezi hata kwa kufungia kitenge."

Nikaukata palepale kwa msumeno, sentimita 18. Akasugua hatua tano, akageuka akaniambia "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na mimi nikaondoka na somo.

Kanuni ninayotumia sasa ni hii. Kifaa kikiwa kimekamilika na kimesimamishwa wima kando ya mtumiaji, ncha ya juu ifike kati ya kidevu na pua. Soketi na kichwa cha brashi vikishaungwa, kifaa kinazidi urefu wa bomba ulilokata kwa sentimita 8 hivi, kwa hiyo toa hizo. Kwa watu wengi unakata kati ya mita 1.30 na 1.40. Ukiwa unatengenezea taasisi yenye wafanyakazi wengi, tengeneza urefu wa aina mbili na uwatofautishe kwa rangi ya juu, kila mtu achukue wake.

Pima bomba lenyewe kabla ya kugawa, maana mengi hayatimii mita 6. Vipande vinne vya 1.40 vinatoka hata kwenye bomba la 5.8, na kinachobaki ni mpini mfupi wa brashi ya choo au ya kuzolea taka. Ukishakata, toa makali ya ndani na nje kwa tupa. Makali ya ndani ndiyo yanayosahaulika, nayo ndiyo yanayomkata mtu kidole.

Shingo

Siri yote iko kwenye mabomba mawili yanayoingiana. Bomba la inchi 1 lenye ukuta wa 1.5 lina tundu la ndani la milimita 22.4 hivi, na bomba la inchi 7/8 lina milimita 22.2 kwa nje. Linaingia kama mkono kwenye glavu. Kwa hiyo mpini hauchomelewi mahali popote. Unachomelea soketi fupi ya bomba nene kwenye bapa, kisha mpini unaingia ndani ya soketi na kushikwa na bolti moja. Joto la weldi haligusi bomba jembamba, na siku mpini ukipinda unafungua bolti, unaweka mwingine.

Kata soketi ya sentimita 13. Bomba moja la inchi 1 linakupa zaidi ya 40, kwa hiyo mafundi wawili wanaweza kugawana. Ndani ya soketi utaona mstari wa mshono wa kiwandani umejitokeza. Usipousaga, mpini hautaingia. Usage kwa tupa ya mviringo polepole, ukijaribu mpini kila mara, hadi uingie sentimita 10 kwa kusukumwa na mikono miwili. Ukiingia kwa kidole kimoja, umesaga mno.

Brashi na fagio la kusukuma mpini wake hulala kuelekea kwa mtumiaji. Mimi naulaza nyuzi 60 kutoka sakafuni. Huhitaji vipimo vya shule kupata pembe hiyo: upande mmoja wa soketi weka alama kwenye ncha kabisa, upande wa pili rudi nyuma milimita 15, unganisha alama hizo kwa kuzungushia karatasi, kata kwa mshazari. Ukisimamisha ncha hiyo juu ya bapa, soketi inalala yenyewe.

Sasa mambo manne madogo ambayo ndiyo uhai wa kifaa hiki. Ningependa uyafanye yote, usiruke hata moja.

La kwanza, toboa tundu la kutolea maji, milimita 6, kwenye soketi chini kabisa karibu na bapa, upande ule unaoinamia kwa mtumiaji. Litoboe kabla ya kuchomelea. Maji yataingia tu, kwa namna moja au nyingine. Kazi yako ni kuyapa njia ya kutoka.

La pili, mdomo wa juu wa soketi uviringishe kwa tupa, ndani na nje. Mdomo wenye makali unamng'ata mpini kila unaposukuma, na pale alipong'ata ndipo ufa unapoanzia.

La tatu, bolti ikae chini ndani ya soketi, sentimita 7 kutoka mdomoni, ambapo mpini unabakiza sentimita 3 chini ya bolti. Nguvu kubwa ya kupinda iko mdomoni mwa soketi. Ukitoboa karibu na mdomo umeudhoofisha mpini mahali unapoumia zaidi.

La nne, bolti ipite kutoka kushoto kwenda kulia, isipite kutoka mbele kwenda nyuma. Mtu anaposugua anasukuma na kuvuta, kwa hiyo ngozi ya bomba ya mbele na ya nyuma ndizo zinazovutwa na kubanwa. Ubavuni kuna utulivu, na tundu likiwa ubavuni haliumizi sana. Mshono wa kiwandani wa mpini nao uelekeze ubavuni kwa sababu ileile.

Matundu ya bolti toboa mpini ukiwa ndani ya soketi, vyote kwa pamoja, ili yalingane. Piga panchi kwanza, la sivyo drili itateleza juu ya mviringo. Anza na kijiti chembamba cha drili, maliza na cha milimita 6.5.

Bapa na kuchomelea

Kata bapa la sentimita 15, toboa matundu manne ya milimita 6 kwenye pembe. Mahali soketi itakapokaa pasugue hadi chuma king'ae.

Mabomba ya samani meusi hayana shida. Kama umepata ya rangi ya fedha yaliyopakwa zinki, saga zinki yote kwenye eneo la weldi, sentimita 3 hivi kila upande, na chomelea mahali pa wazi ukiwa na upepo mgongoni. Moshi wa zinki unaleta homa, baridi na kutetemeka saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku. Mafundi wengi hunywa maziwa wakiamini yanakinga. Maziwa yanashuka tumboni na moshi unaingia mapafuni, hayakutani. Hewa safi ndiyo kinga.

Anza na ampea 60, pandisha kidogo kidogo ukiona elektrodi inanata, usivuke 75. Jioni umeme unapopungua na mashine kuanza kulalamika, ahirisha. Weldi iliyopigwa kwa umeme hafifu inakaa juu juu kama tope lililobandikwa ukutani. Shikiza soketi kwa vitone vinne, angalia kama bado imelala sawasawa na haijapinda kushoto wala kulia, kisha jaza robo moja, nenda robo ya upande wa pili, rudi. Elekeza moto kwenye bapa, maana ndilo nene, halafu uvute kuelekea bomba. Ukielekeza bombani utatoboa.

Upande wa mbele, ule wenye nafasi pana kati ya soketi na bapa, weka kipande cha pembetatu cha bapa hilohilo, kila mguu sentimita 3. Kipande hicho kidogo kinazuia soketi isitikisike, na ndicho kinachotofautisha brashi ya mwaka mmoja na ya miaka mingi. Gonga magamba yote ya weldi, kagua vitundu kwa mwanga, jaza vilivyobaki. Acha ipoe yenyewe, usiitumbukize kwenye ndoo.

Bapa lifunge kwenye ubao wa brashi kwa bolti zinazopenya hadi upande wa nywele, vichwa vyake vizame kati ya mafungu. Skrubu za mbao zinalegea mti ukishalowa mara kumi.

Rangi

Bomba jipya lina mafuta ya kiwandani. Usipoyatoa, rangi itabanduka kama ganda la yai. Osha kwa maji ya sabuni ya unga, kausha, pangusa kwa thina, piga msasa. Paka rangi ya msingi mikono miwili, halafu rangi ya mafuta mikono miwili. Ile sentimita 10 inayoingia soketini ipakwe rangi ya msingi tu, mkono mmoja mwembamba, maana nafasi yake ni ndogo mno.

Kwa ndani, lainisha rangi ya msingi kwa thina hadi iwe kama maziwa, mimina kikombe kimoja ndani ya bomba, ziba ncha zote mbili, zungusha na kuinamisha, kisha simamisha imwagike kwenye kopo. Wengine wanamimina oili chafu ya gari. Inazuia kutu, ni kweli, lakini itadondoka kwenye sakafu ya mteja na atakayeisugua ni yuleyule uliyetaka kumsaidia.

Mbeya mwezi wa sita na wa saba rangi haina haraka. Asubuhi chuma kina umande hata ndani ya karakana, na rangi iliyopakwa juu ya umande haishiki. Subiri jua la saa nne, paka, na ukiweza acha siku nzima kati ya mkono na mkono. Kwa wateja wa Tukuyu, ambako mvua karibu haijui likizo, naongeza mkono wa tatu kuanzia soketi hadi nusu mita kwenda juu.

Pa kushikia

Hapa nimefurahi kuliko mahali pengine popote katika kazi hii. Usukani wa baiskeli, pale mpira wa mkono unapovishwa, una kipenyo cha milimita 22.2, na upande wa kushoto wa pikipiki ni hivyohivyo. Ni kipimo kilekile cha bomba letu. Kwa hiyo ule mpira unaouzwa kwa fundi baiskeli yeyote unavaa mpini wako bila kuongeza kitu, na unanenepesha pa kushikia hadi karibu milimita 30, unene ambao kiganja kinaufunga bila kukamua. Chagua usiotobolewa mwishoni, uwe pia kifuniko cha kuzuia mvua.

Kabla ya kuvisha, toboa mwisho wa mpira kwa msumari wa moto, pitisha kitanzi cha kamba ya manila, funga fundo kubwa kwa ndani. Fundo linaziba tundu, kitanzi kinabaki nje kwa kutundikia. Loanisha bomba kwa maji ya sabuni, sukuma mpira kwa mzunguko hadi ugote, acha hadi kesho ukauke. Usitumie petroli kuuteleza, hasa karakana yenye cheche.

Mkono wa pili hushika karibu na katikati. Hapo viringisha ukanda wa tyubu ya baiskeli, sentimita 25 kwenda juu na chini, ukivuta kwa nguvu na kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia. Chuma kitupu asubuhi ya Julai kinauma mikono, na mtu mwenye vidole vilivyokufa ganzi hushika kwa nguvu zaidi kuliko inavyotakiwa, ndiyo mwanzo wa maumivu ya kifundo cha mkono.

Kuunganisha na kujaribu

Paka grisi kidogo ndani ya soketi, ingiza mpini sentimita 10, pitisha bolti na washa pande zote mbili, kaza kwa spana namba 10 hadi kusiwe na mchezo, basi. Ukikaza kama gurudumu la lori utalibonyeza bomba.

Mmoja kati ya kila kundi ninalotengeneza naujaribu hivi, kabla sijafunga kichwa. Nalaza mpini juu ya matofali mawili yaliyoachana mita moja kamili, nanyoosha uzi pembeni yake, kisha natundika katikati ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Bomba la geji 18 linashuka karibu nusu sentimita. Nikiondoa ndoo lazima lirudi kwenye uzi. Likishuka milimita 7 au 8, ukuta ni mwembamba kuliko nilivyolipia. Lisiporudi, halitoki karakana. Usijaribu kwa kulikalia, maana mtu mzima atalipinda hata bomba zuri, na utakuwa umeharibu kazi bila kujifunza kitu.

Shingo naijaribu kwa kukanyaga kichwa cha brashi na kuuvuta mpini mbele na nyuma mara hamsini. Halafu naangalia mzunguko wa weldi. Mstari mwembamba kwenye rangi ni dalili ya ufa: saga, chomelea upya.

Dekio na kifaa cha kuvutia maji

Kwa dekio soketi inasimama wima, kwa hiyo huna haja ya kukata mshazari. Tumia geji 20, kwa sababu kitambaa kilicholowa tayari ni mzigo. Kichwa kiwe bapa mbili za sentimita 15 zinazobana nyuzi au matambara katikati, kwa bolti mbili zenye nati za masikio, ili mtumiaji afungue kwa vidole na kufua. Dawa za klorini zinakula chuma haraka kuliko maji ya kawaida. Mwambie mteja asuuze kichwa na shingo kwa maji safi kila baada ya kazi.

Cha kuvutia maji kinafuata mpini wa brashi kila hatua, ila bapa ni refu, sentimita 40 au 50, na kuna bapa la pili la kubana mpira kati yake. Mpira utokeze sentimita 3 tu. Ukitokeza zaidi unajikunja na kuacha mistari ya maji. Ukichakaa upande mmoja, fungua uugeuze.

Kuhusu alumini, ambayo wengi huniuliza: ni nyepesi mara tatu hivi kuliko chuma, na kwa kufutia vioo inafaa sana. Lakini haichomelewi kwa elektrodi hizi za kawaida, itabidi uifunge kwa riveti au bolti, na soda ya kuzibulia mabomba inaila vibaya. Kwenye vyoo na jikoni kubwa siipendekezi.

Ukikabidhi kazi, piga msumari mwenyewe ukutani kwa mteja, juu kiasi cha kuacha kichwa cha brashi sentimita 10 kutoka sakafuni. Brashi ikitundikwa kwa kitanzi chake, maji yanashuka, yanafika kwenye lile tundu la milimita 6, yanadondoka. Mwonyeshe mtumiaji tundu hilo kwa kidole na umpe kipande cha waya wa kulizibulia, kwa sababu tope na nywele vitaliziba. Kila baada ya miezi mitatu afungue bolti, achomoe mpini, apanguse kutu, apake grisi, arudishe. Kazi yote ni dakika kumi na spana moja.